Upanga wa Sponji Usiokudanganya: Namna ya Kuuunda kwa Mazoezi ya Upanga wa Kale

Upanga wangu wa kwanza wa sponji ulikuwa bomba la plastiki lililovishwa sponji ya mviringo, ile ndefu ya kujifunzia kuogelea. Niliumaliza kwa dakika 20. Mwezi mzima mimi na mwenzangu tulichapana kwa panga za namna hiyo, tukajiona tumeiva. Siku tuliposhika panga za chuma zilizofutwa makali, aibu tupu. Mapigo yetu yalitua kwa bapa, vifundo vya mikono vikaanza kuuma baada ya dakika 5, na zile mbinu za kuuteleza upanga juu ya upanga wa mwenzio hazikutoka hata moja. Kumbe muda wote ule tulikuwa tunajifunza bomba.

Kitu cha mviringo hakina makali wala bapa, kwa hiyo mkono unaosokota pigo vibaya haupati habari yoyote kwamba umekosea. Na kitu chepesi mno kinakuruhusu mambo ambayo chuma kingekukatalia, kama kugeuza pigo likiwa njiani au kudonoa mara 3 kabla mwenzio hajavuta pumzi. Ndiyo maana kwenye mwongozo huu unene wa sponji utakuja baadaye. Kwanza umbo, kisha mlingano wa uzito, kisha ncha. Upanga wenye mambo hayo 3 utakufundisha, na sponji itakupunguzia tu malipo ya makosa.

Vipimo

Tunaunda upanga mrefu wa mikono miwili, wa aina iliyotumika Ulaya kati ya karne ya 14 na ya 16, kwa sababu wengi huanzia hapo. Wa chuma ulikuwa na urefu wa sentimita 110 hadi 130 hivi, na uzito wake kwa kawaida ulikuwa kati ya kilo 1.1 na 1.8. Zile kilo 5 au 10 ambazo watu husimuliana ni hadithi.

Wetu utakuwa na urefu wa sentimita 118: mpini 26, na kutoka kwenye msalaba (kile kipande kinachokatiza juu ya mpini kulinda vidole) hadi ncha, 92. Uzito tunaoutafuta ni gramu 850 hadi 950. Ni mwepesi kuliko wa chuma, na ni makusudi, kwa kuwa huu utagonga miili ya watu. Mwandishi wa Kirumi Vegetius, mwishoni mwa karne ya 4, aliandika kwamba makuruta walifunzwa kwa panga za mbao zenye uzito maradufu wa zile za vita. Lakini soma vizuri: walizipiga kwenye nguzo iliyosimikwa ardhini. Nguzo haina mbavu.

Kiini

Kiini ndicho kinachoamua kama utalala salama. Viko vya aina nyingi, ila mimi nina msimamo wangu.

Bomba la PVC ni rahisi kupatikana, lakini linayumba kama ufito mbichi, jua linalifanya liwe kavu na la kuvunjika, na likivunjika hutoa vipande vyenye makali. Fito ya faibaglasi inapinda vizuri na kurudi, inafaa sana kwa wanaopenda kuchoma kwa ncha, ila ukiikata au kuipiga msasa vumbi lake linawasha ngozi na si la kuvuta puani. Ilowanishe maji na uvae barakoa. Mpini wa fagio usiuguse. Mara nyingi mbao yake ina nyuzi zinazokatiza upande, na ikikatika hukatika kwa mshazari, ukabaki na mkuki mkononi. Fimbo na bomba la chuma, hapana kabisa.

Chaguo langu ni henzirani (rattan), ule mmea ambao fito zake husukiwa viti. Ikizidiwa haikatiki ghafla. Nyuzi zake zinachambuka kama ufagio, nawe unapata onyo mapema. Unaweza pia kuichonga iwe bapa, jambo ambalo bomba halikubali. Tafuta ufito wa unene wa milimita 26 hivi, wenye ganda lake, usio na nyufa. Kata sentimita 112. Zile 6 zilizobaki ni za ncha, nazo zitakuwa sponji na mpira peke yake.

Ukiwa umepinda, uweke juu ya mvuke wa maji yanayochemka kwa nusu saa, unyooshe kidogokidogo, uufunge kwenye ubao ulionyooka mpaka ukauke kabisa. Kama kuna mkunjo mdogo uliokataa kunyooka, uelekeze upande wa makali. Ukiuacha upande wa bapa, upanga utakuwa unajisokota mkononi kila unapopiga.

Kuchonga

Chagua pande mbili zinazotazamana uziandike kwa kalamu. Hizo ndizo bapa. Kwa kisu kikali au randa ndogo, punguza kila upande milimita 4 tu, ili unene ubaki 18 na upana ubaki 26. Usiguse pande za makali, maana ganda ndilo lenye nguvu. Sawazisha vifundo kwa tupa, kisha pitisha msasa.

Endelea kuchonga hivyohivyo hadi mwisho wa mpini. Watu wengi wanachonga ubapa mbele halafu mpini wanauacha wa mviringo, wakati kiganja ndicho kinachopaswa kujua makali yanaelekea wapi. Fanya jaribio: fumba macho, mwenzako auzungushe upanga mkononi mwako, kisha sema makali yako wapi. Ukikosea, rudi kwenye msasa.

Sasa chukua tepu yenye nyuzi ndani, ile ya kufungia mizigo mizito. Laza vipande viwili vya urefu wote juu ya kila bapa, halafu zungusha tepu hiyohiyo kwa mzunguko wa mshazari kutoka chini hadi juu. Siku henzirani itakapokata tamaa, tepu hii itazishika nyuzi zisitokeze nje.

Msalaba

Ubao wa plastiki wa kukatia mboga, wenye unene wa milimita 10 au 12, unatoa msalaba mzuri kuliko mbao. Kata kipande cha sentimita 20 kwa 4. Katikati toboa matundu mawili kwa keekee, uyaunganishe kwa tupa mpaka upate tundu lenye umbo la kiini chako, dogo kidogo, ili msalaba uingie kwa kusukumwa. Ncha zake ziwe za mviringo kabisa.

Plastiki ya aina hiyo haishiki gundi. Usipoteze muda kuibembeleza. Usukume msalaba kutokea upande wa mpini hadi kwenye alama ya sentimita 26, kisha funga kamba ya pamba iliyopakwa gundi, mizunguko 10 chini yake na 10 juu, iliyokazwa mpaka vidole vilalamike. Ukikauka, vika mikono yote miwili ya msalaba sponji.

Na hii fanya sasa, kabla hujaweka uzito wowote mwisho wa mpini. Niliwahi kumaliza kirungu cha mpini, kizuri, kilichong'aa, halafu nikashika msalaba mkononi nikitafuta pa kuupitishia.

Sponji

Tafuta sponji ngumu kiasi isiyonyonya maji, kama ile ya mikeka ya kufanyia mazoezi ya viungo, yenye unene wa milimita 8. Kata kipande kidogo ukitumbukize kwenye maji na kukikamua: kikitoa maji kama sponji ya kuogea, hakifai. Sponji ya godoro nayo haifai. Ukiibonyeza kwa kidole unagusa kiini papo hapo, na pigo litafanya vivyo hivyo.

Kata vipande virefu kwa mpangilio huu: tabaka 1 kwa kila bapa, matabaka 2 kwa kila upande wa makali. Ukimaliza, upanga utakuwa na upana wa sentimita 6 hivi na unene wa 3.5. Bado mnene kuliko chuma, lakini una sura ya upanga, na ukipiga kwa bapa utasikia tofauti: sauti ni ya kofi na mkono unapwaya.

Gundi ni ile ya fundi viatu. Kwanza ijaribu kwenye kipande cha kutupa, kwa kuwa zipo gundi zinazokula baadhi ya sponji. Fungua madirisha, au bora ufanyie kazi nje, maana mvuke wake unalevya na unashika moto. Kwaruza sponji kwa msasa upande utakaogandishwa. Ukiiacha na ule utelezi wake itabanduka wiki ya pili. Paka gundi nyembamba kwenye sponji na kwenye kiini, pande zote mbili, halafu subiri. Watu wanashindwa kusubiri. Dakika 10 hadi 15, mpaka ukigusa kwa kidole gundi isivutike. Hapo ndipo unaunganisha, na ukishagusisha hakuna kurudi nyuma, kwa hiyo anzia kwenye msalaba na ushuke taratibu kuelekea ncha, ukibonyeza kwa kidole gumba sentimita chache kwa mara moja. Usiivute sponji unapoilaza. Ikivutwa itajikunja, na upanga wote utafuata.

Anza na bapa zote mbili, kisha makali tabaka la kwanza, kisha la pili. Vipande vya makali viache vizidi mwisho wa kiini kwa sentimita 6.

Ncha

Hapa ndipo pa kuogopa. Pigo la kukata linasambaa kwenye urefu wa sponji. Kuchoma kunakusanya kila kitu mahali pamoja, tena nyuma yake kuna uzito wa mwili unaosonga mbele.

Mwisho wa kiini uwe umechongwa mviringo, kisha uvishwe kiatu cha mpira, kile kinachowekwa chini ya mkongojo. Gundi, na juu yake tepu. Kazi ya kiatu hicho ni kukizuia kiini kisitoboe sponji kutoka ndani.

Mbele ya kiatu panga visahani vya sponji, kimoja juu ya kingine, katikati ya vile vipande vya makali ulivyoviacha virefu. Vya kwanza viwe vya sponji ngumu, viwili vya mwisho vya laini. Vikishajaa, kunja ncha za vipande vya makali juu yake zikutane. Namna hii ncha inakuwa imezaliwa na upanga mzima. Nimeona ncha nyingi zilizobandikwa mwishoni kama kifuniko cha chupa; zinapendeza mpaka siku ya kwanza zikipigwa ubavuni, zinaruka, na kiini kinabaki uchi bila mwenyewe kujua. Kwa usalama zaidi, pitisha utepe wa kitambaa wenye gundi kutoka bapa moja, juu ya ncha, hadi bapa la pili, sentimita 15 kila upande.

Upana wa ncha usiwe chini ya sentimita 5 upande wowote. Ncha nyembamba inaingia mahali pa jicho. Bapa likibaki na 3.5, ongeza tabaka moja kila upande kwenye sentimita 8 za mwisho.

Mfuko

Wengi humalizia kwa tepu, na mimi nilifanya hivyo miaka. Tepu ina makosa mawili. Ukiizungusha kwa kukaza, inabana sponji na kuifanya ngumu, na kwenye ncha inafungia hewa, ncha ikawa kama mpira uliojazwa upepo. Kosa la pili linaonekana panga zikikutana: tepu kwa tepu zinanatana. Zile mbinu zote za kuhisi nguvu ya mwenzio kupitia upanga, kuteleza, kuzunguka chini ya msukumo wake, zinakufa hapo. Kama huna budi, laza tepu kwa urefu bila kuivuta, na toboa ncha kwa sindano hewa ipate pa kutokea.

Kitambaa ni bora. Pamba nzito au nailoni, shona mfuko mrefu kama soksi, mshono ukae kwenye bapa. Ugeuze, nyunyiza poda ndani, uuvute juu ya sponji. Inachukua muda na maneno kidogo. Chini, karibu na msalaba, ufunge kwa uzi mzito. Kabla ya kufunga, shona mstari wa uzi wa rangi upande mmoja wa makali. Hayo yatakuwa makali ya mbele, yanayomtazama mpinzani ukiushika upanga. Mengine ni ya nyuma.

Uzito

Ukijaribu kuupiga hewani sasa utaudhika. Upanga unavuta kuelekea ncha kama ndoo iliyojaa maji. Lazima uzito urudi mkononi. Mafundi wa zamani walilijua hili. Tazama michoro ya kitabu cha Joachim Meyer kilichochapwa Strasbourg mwaka 1570: panga zake za mazoezi zina chuma chembamba, halafu juu kidogo ya msalaba chuma kinapanuka ghafla kama mabega. Mapana yale yako karibu na mkono, huku ncha ikibaki nyepesi.

Sisi tutaweka uzito mwisho wa mpini. Utahitaji mizani ya jikoni na ukingo wa meza. Pima upanga wote, kisha ulaze juu ya ukingo, au juu ya kidole, mpaka utulie bila kuinama. Pima kutoka msalaba hadi hapo ulipotulia. Huu nilioumaliza majuzi ulikuwa na gramu 640, na ulitulia sentimita 28 mbele ya msalaba. Nilitaka utulie kwenye 14. Hesabu ni hivi: umbali wa kurudi nyuma ni 28 toa 14, yaani 14. Zidisha kwa uzito: 14 mara 640 ni 8,960. Uzito mpya utakaa sentimita 24 nyuma ya msalaba, kwa hiyo kutoka mahali tunapotaka utulie hadi huko ni 14 na 24, jumla 38. Gawa 8,960 kwa 38 upate karibu gramu 236. Upanga mzima ukawa na gramu 876, ndani ya lengo letu.

Uzito wenyewe ni waya laini wa kufungia nondo. Tia mfereji wa kina kidogo kwa tupa kwenye sentimita 3 za mwisho wa mpini, zungusha waya humo kwa kukaza, tabaka juu ya tabaka. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuongeza mzunguko mmoja au kupunguza mpaka mkono uridhike. Gramu 236 hutoa kirungu chenye ukubwa wa limau dogo. Ncha ya waya ifiche ndani, zungusha tepu ya nyuzi juu, kisha sponji, kisha kitambaa. Usitumie madini ya risasi, yanachafua mikono unayolia chakula.

Jambo moja usidanganyike: uzito wa nyuma unafanya upanga utii, lakini haupunguzi chochote kwenye ncha. Pigo likiachiwa bado ni pigo.

Mpini umalizie kwa utepe wa ngozi au kamba nyembamba ya pamba. Usiweke unene mwingi, ule ubapa ulioutafuta kwa msasa utazama.

Kabla ya kumgusa mtu

Bana sponji kwa vidole viwili kutoka msalaba hadi ncha. Ukihisi kiini kwa urahisi mahali popote, hapo panahitaji tabaka. Kisha jipige pajani, kwa nguvu uliyokusudia kumpigia mwenzio. Usijionee huruma. Iume kidogo, isiache uvimbe. Choma ukuta mara 20 na uichunguze ncha: imerudi katika umbo lake? Imehama upande?

Henzirani haipindi ukichoma, kwa hiyo kwa upanga huu kubalianeni mapema kwamba kuchoma ni kwa kugusa, na mkono ulegee mara ncha inapofika. Wanaotaka kuchoma kwa nguvu waunde wa faibaglasi, hatua ni zilezile, ila watapoteza ubapa wa kiini na itabidi waulipie kwenye sponji.

Sponji haiondoi haja ya vifaa. Kofia ya uso yenye wavu wa waya, kinga ya koo na glavu nene ni vya kila pambano, hata lile la "tucheze kidogo tu". Vidole ndivyo vinavyoumia mara nyingi kuliko kitu kingine, na kichwa kinaweza kutikiswa vibaya na pigo ambalo halikuacha hata alama.

Utunzaji

Uning'inize kwa msalaba. Ukiuegemeza ukutani kwa ncha wiki nzima, sponji ya ncha italala na haitaamka. Usiuache juani. Baada ya kila zoezi uminye tena kutoka chini hadi juu, na ugonge kiini kwenye nguzo ukisikiliza: henzirani nzima inalia kavu, iliyochambuka inalia kama gunia. Ikilia hivyo, kata mfuko, vua msalaba, anza na kiini kipya siku hiyohiyo.

Sponji inakufa mapema sehemu mbili, karibu na ncha na kiganja kimoja juu ya msalaba, panapopokea mapigo ya kukinga. Hapo hubadilishi vyote. Unachana mshono, unatoa kipande kilichochoka, unagandisha kipya, unashona kiraka. Mfuko wangu wa sasa una viraka 4, vyote upande wa uzi mwekundu. Upande wa makali ya nyuma bado ni mpya kama siku nilipoushona, na mwenzangu ameshaligundua hilo.